Shibiri Moja ya Mpira

Lavonne Skogen alikuwa amempa binti yake neno, na neno lenyewe lilikuwa fupi: maji yakiingia tena, hata tone moja, gari wanaliuza.

Na gari ndiyo nyumba. Ile ya mbao kule Minnesota waliiuza miaka sita nyuma, yeye na mume wake Orrin, wakanunua gari refu kama basi lenye jiko, choo, kitanda na kochi, wakaanza kufuata jua. Likiwa barabarani lile gari ni jembamba, mtu akipika mwenzake lazima akae. Lakini likishaegeshwa unabonyeza kitufe, na ubavu mmoja mzima unatoka nje kama droo ya kabati, na kochi lake na dirisha lake. Hapo ndipo linakuwa nyumba kweli.

Ile droo imezungukwa na mpira mweusi ulio wazi ndani. Droo ikitoka, pampu ndogo inaujaza mpira upepo, unavimba, unabana, na mvua inabaki huko huko nje. Ukitaka kurudisha droo ndani, unasubiri kwanza upepo utoke wote. Ni nusu dakika tu.

Orrin hakusubiri. Asubuhi moja ya Novemba, kikombe cha kahawa mkononi, kichwa kimeshafika safarini, alibonyeza kitufe huku mpira bado umevimba. Ulichanika kwenye kona ya juu, na hakuna aliyejua mpaka mvua za Desemba zilipokuja zikalowanisha zulia, godoro la kochi na kila kilichokuwa chini yake. Orrin alikuwa anapenda kulala mchana kwenye lile kochi. Akapata nimonia, akalazwa siku kumi na moja. Binti yao Karla alitoka Phoenix akiendesha usiku kucha, akakaa pembeni ya kitanda cha hospitali, na hapo ndipo alipolidai lile neno.

"Nina chumba kizima juu ya gereji, Mama. Kikavu. Kina ngazi yake."

"Tutakarabati."

"Na ikivuja tena?"

Lavonne akamwangalia Orrin na ile mirija ya puani. "Ikivuja tena, tunauza."

Sasa ilikuwa Februari, wapo kwenye kambi ya jangwani Arizona. Mafundi wote wa karibu walikuwa wamejaa kazi mpaka Aprili. Kiwanda kilikubali kutengeneza mpira mpya kwa vipimo, ila kilichukua wiki tano. Ulifika Alhamisi asubuhi, umekunjwa kwenye boksi kama nyoka aliyelala. Redio ilisema mvua itanyesha Jumamosi. Karla naye alisema atakuja Jumamosi.

"Bora tu," alisema Orrin. "Yeye na mvua wataonana uso kwa uso."

Daktari alikuwa amemkataza ngazi. Kwa hiyo ngazi alipanda Lavonne, miaka sitini na tisa, kavaa suruali ya zamani ya mumewe na kajifunga mkanda juu ya mkanda. Orrin akawekwa kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli, blanketi magotini, kazi yake kushika kopo la maji ya sabuni na kutonyanyuka.

Pale kambini kuna kitu kimoja: hufungui sanduku la vifaa ukabaki peke yako. Kabla Lavonne hajang'oa hata futi moja ya mpira wa zamani, Burl alishafika na kiti chake. Burl alikuwa fundi bomba mstaafu wa Oklahoma, tumbo mbele, kofia nyuma. Baada yake akaja Twyla wa gari la jirani na kiti chake, na mbwa wake, na sahani ya mkate wa mahindi.

"Shemeji," Burl aliita kutoka chini, "huo unauvutia kushoto. Wenzio wanavutia kulia."

"Wenzangu gani?"

"Wanaojua."

"Basi waite waje wapande."

Twyla akacheka mpaka mbwa akabweka. "Burl, wewe mara ya mwisho kupanda ngazi ilikuwa lini?"

"Mimi ni mtu wa mabomba. Mabomba yanakaa chini."

Mpira wa zamani ulitoka vipande vipande, unanuka kama tairi lililoungua. Kazi ya kusafisha reli ya alumini, ule mfereji mwembamba ambamo mguu wa mpira unakaa, ilimla Lavonne mpaka saa saba mchana. Alikwangua kwa mwiko wa plastiki wa jikoni kwake, maana chuma kingekwaruza. Uchafu mweusi ulimpanda hadi kwenye nyusi. Orrin alimtazama muda mrefu.

"Unapendeza."

"Nyamaza, nipe sabuni."

Mpira mpya ulikuwa kipande kimoja kirefu. Unaanzia chini upande wa kulia, kwenye kichuchu cha kuingizia upepo, unapanda, unakata kona, unapita juu yote, unakata kona nyingine, unashuka mpaka chini kushoto. Miisho yote miwili imezibwa kiwandani, maana ikiwa wazi mpira hauwezi kushika upepo. Lavonne alipaka maji ya sabuni kwenye mfereji akaanza kuuingiza. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta mpira unyooke. Jua lilikuwa kali, mpira umekuwa laini kama tambi, ukawa unamtii. Kila futi tano anarudi nyuma kidogo kutazama. Umenyooka kama mstari wa rula.

Saa kumi na moja alifika mwisho, chini kushoto. Mpira ulikuwa umebaki. Shibiri moja nzima, imening'inia chini ya gari kama mkia.

Wote wakasogea kuitazama.

"Wanaacha ziada," alisema Burl. Alishatoa kisu mfukoni na kukifungua. "Viwanda vyote hivyo hivyo. Kata hapa, ziba kwa gundi, mpira wako umekwisha. Nikukatie?"

"Nilipima mwenyewe," alisema Lavonne.

"Ulipima ukiwa na wasiwasi. Mtu mwenye wasiwasi anapima kirefu."

"Nilipima mara tatu, Burl."

"Basi ulikuwa na wasiwasi mara tatu."

Twyla naye alikuwa upande wa kisu. Alisema mjomba wake aliwahi kukata, ikashika miaka minane. Lavonne alichukua ule mkia, akaukunja, akaukunjua. Hakuwa anajua. Huo ndio ukweli, hakuwa anajua. Alichojua ni kwamba akikata vibaya hakuna gundi ya kurudisha kitu, na wiki tano nyingine hana. Mvua ilikuwa keshokutwa.

"Orrin?"

Mumewe alinyanyua mabega ndani ya blanketi. "Mimi ndiye niliyeuchana ule wa kwanza. Sina sauti hapa. Fundi ni wewe."

Ingekuwa rahisi angesema ndiyo au hapana. Lavonne alisimama pale, mgongo unamuuma, mikono imejikunja kama bado inavuta. Alitamani mtu mwingine yeyote aamue. Halafu akasema, "Sikati leo."

"Kesho huo mpira utakuwa mfupi?" Burl aliuliza.

"Kesho nitakuwa nimelala. Funga kisu, kaleni mkate wenu."

Jangwa lile mchana linakuchoma na usiku linakugandisha. Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba juu ya kioo cha mbele. Lavonne alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya juu.

Kona haikuwepo. Yaani mpira ulikuwa umejivuta, umetoka kwenye mfereji, umekata kona kwa mkato kama mtu anayepita kwenye nyasi za watu, na nyuma yake kulikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Kona ya pili hivyo hivyo. Akainama chini kushoto. Ile shibiri ilikuwa imebaki vidole viwili.

Alikaa kwenye ngazi. Alikuwa ameuvuta. Kutwa nzima, kwa kupenda unyookaji, alikuwa ameuvuta mpira wenye joto, na usiku baridi ilipoingia mpira ulidai urefu wake. Na kama angekata, asingekuwa na mpira wa kufika chini, wala wa kuziba kitu.

Orrin alitoka, akatazama, akapiga mluzi. "Kwa hiyo ulipima sawa."

"Nilipima sawa."

"Na kuweka?"

"Kuweka nimeharibu." Akafuta pua kwa mkono wa koti. Karla angefika kesho saa sita. "Orrin, ni yote. Lazima nitoe yote."

"Basi nakuwekea kahawa kwanza."

Alipokuwa anautoa, mita kwa mita, ndipo mikono yake ilipoanza kumwambia kitu. Lavonne alishona magauni ya harusi miaka thelathini na moja. Kitu kigumu kwenye gauni siyo shela wala lesi, ni bega, pale mkono wa gauni unapoungwa. Kitambaa cha mkono siku zote ni kirefu kuliko tundu kinamoingia. Mshonaji mgeni anakinyoosha, anavuta, na bibi harusi akinyanyua mkono kumkumbatia mtu, mshono unalia. Mzoefu havuti. Anagawa nusu, anabana pini. Anagawa robo, anabana pini. Halafu ule urefu unaozidi anaulisha kidogo kidogo kati ya pini na pini, mpaka tundu linameza kitambaa chote.

"Twyla!" aliita. "Una vibanio vya nguo?"

"Vingapi?"

"Vyote."

Alitafuta katikati ya mpira akaweka alama ya chaki. Akatafuta katikati ya mfereji juu ya droo, akaweka alama nyingine. Chaki kwa chaki, kibanio. Halafu robo. Halafu kona mbili, zikabanwa kabla ya kitu kingine chochote. Mpira ukawa unaning'inia kati ya vibanio kwa mapindo mapindo, mbaya kama nguo ya mtoto aliyejivalisha.

Burl alifika na kiti chake, akasimama nacho mkononi. Alitazama kona, akatazama zile alama za chaki. Akakumbuka kisu chake, maana uso ulibadilika rangi.

"Shemeji, jana mimi..."

"Kamata mpira pale kwenye kibanio cha tatu, usukume kwangu. Usivute."

"Nisukume?"

"Lisha. Kama unamlisha mtoto. Akikataa, ngoja."

Basi siku ile Burl, tumbo lake lote, alipanda ngazi. Twyla alipanda ndoo. Orrin alipitisha kopo la sabuni na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyokuwa bado na mkwaruzo. Walisukuma kwa vidole gumba, inchi kwa inchi, na pale palipojaa walingoja mpira utulie. Burl alilalamika kwamba gumba lake limekufa. Twyla alimwambia atalizika kwa heshima.

Saa tisa walifika chini kushoto. Mwisho wa mpira ulikaa mwisho wa mfereji, sawasawa, kama vilizaliwa pamoja. Lavonne akafunga bomba la upepo kwenye kichuchu, akaupaka mpira poda usigande, akamwambia Orrin awashe. Pampu ikanguruma. Mpira ukajaa polepole kuzunguka droo yote, kona zikavimba mviringo. Walipita na maji ya sabuni kila mahali. Hakuna povu hata moja lililovimba kuonyesha upepo unatoroka.

Karla alifika Jumamosi saa sita na nusu, na mvua ilifika saa nane. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika kwa upande, na upepo, mpaka viti vya kambi vikaanza kutembea vyenyewe.

Hapo Karla alimpa baba yake busu, akavua viatu na soksi, akachukua karatasi ya chooni, akapiga magoti kwenye zulia la droo. Alipitisha karatasi ukutani kote, chini ya dirisha, nyuma ya kochi. Anaitazama kwenye mwanga, anachana nyingine. Lavonne alikaa mezani mikono mapajani, akiangalia mgongo wa binti yake ukisogea. Alikuwa amejiahidi hatouliza. Orrin alimshika kidole kimoja tu.

Dakika ishirini. Arobaini. Mvua ilipiga ile kona ya juu kama ina ugomvi nayo. Karla alisimama kwenye kochi miguu mitupu, akapandisha karatasi hadi kwenye kona, akaibana hapo kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo midomo ikicheza. Akaishusha.

"Kavu," alisema.

"Tazama na upande wa pili," alisema Lavonne.

"Nimetazama, Mama. Mara mbili." Karla aliketi, na ghafla akawa kama mtoto wa miaka kumi. "Nilishapaka rangi kile chumba cha juu ya gereji. Ya njano. Nilijua kabisa mtakuja."

Lavonne akaenda kukaa naye. Akamwekea mkono kichwani.

"Tutakuja Krismasi," alisema Orrin. "Wiki mbili. Tutalala humo."

"Tatu."

"Tatu. Sasa nyanyuka hapo, mwanangu, hicho kitanda changu cha mchana."

Akajilaza kwenye kochi, akavuta blanketi mpaka kidevuni, na mvua ikiendelea kupiga ubavuni kwake, akalala.