Bega la Nne

Kuku alikuwa ameatamia juu ya kitanda tulichokihitaji. Nilimkamata mabawa, akanidonoa, nami nikamtolea tusi ambalo siku nyingine Baba angenikemea kwalo. Siku hiyo hakuwa na nguvu za kumkemea mtu. Alikuwa ndani, amejikunja, tumbo limemkaza tangu jana yake, na muuguzi wa zahanati alikuwa amesema kwa simu maneno machache tu: huyu apasuliwe leo, ya kesho anayajua Mungu.

Alilala juu ya kitanda cha fahari alicholetewa na kaka yangu kutoka mjini. Mbao nzito, kichwani kina kioo, na siku kilipoletwa ilibidi tuvunje fremu ya mlango ndipo kipite. Sasa nani angekitoa? Hiki cha kamba, kilichobeba wagonjwa wa kijiji chetu tangu sijazaliwa, tulikitupa nyuma ya nyumba kuku wapate pa kutagia. Ndizo akili zetu hizo.

"Mmeshatoka?" kaka aliuliza kwenye simu. "Gari limefika barabarani. Dereva anasema hasubiri sana."

"Tutoke na nani? Nitumie mabega kwa simu, kama unavyotuma salamu."

Najua, ulimi wangu pilipili. Lakini yeye na wenzake wa rika lake waliondoka mmoja mmoja mpaka kijiji kikabaki mdomo usio na meno. Sikuwalaumu. Shamba la babu liligawanywa na kugawanywa hata likatosha vitunguu tu, na mvua nayo ikawa mgeni asiye na ahadi. Mimi mwenyewe mkoba wangu ulikuwa mlangoni, umefungwa. Nilikuwa nimepata kazi ya kushona kiwandani, huko huko mjini, na asubuhi ile ile ndiyo ilikuwa ya safari.

Mabega yaliyopatikana ni haya: wifi yangu, mke wa kaka huyo huyo; Mwalimu, jirani yetu mstaafu mwenye goti bovu; fundi baiskeli, aliyekosa baiskeli za kutengeneza kwa kuwa waendeshaji wameisha; na mimi. Wa kutupokea hakuna.

Tulimlaza Baba kwenye kamba, tukamfunika khanga, tukainua.

"Nani yuko mbele kulia?" aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Hapo ni pangu."

"Leo umelala, basi tulia."

Alicheka, kicheko kikamgeukia maumivu, akauma meno.

Pembe ile ilikuwa yake kweli. Anayeshika mbele kulia ndiye huita "Bega!" na wote kwa pamoja huinua kwa mikono, hupitisha kichwa chini ya ubao, hupokea kwa bega la pili. Sisi tuliyajua hayo kwa kutazama tu. Hatukuwa tumefika hata kwenye mteremko, fundi akabadili peke yake. Kitanda kikainama, Baba akateleza, wifi akapiga ukelele.

"Mnanimwaga kama maji ya vyombo!" Baba alisema. Akavuta pumzi. "Haya. Bega!"

Tukageuka pamoja, na mzigo ukakaa sawa. Basi tukashuka hivyo, mgonjwa mwenyewe akiwaongoza wabebaji wake. Kila alipoita, sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza.

Tulikuwa katikati ya kijito, maji yakitufika magotini, mawe yakiteleza kama yamepakwa sabuni, Mwalimu aliponiambia kutoka nyuma, "Binti yangu, bega langu limekufa. Mwambie aite."

"Baba, ita."

Kimya.

"Baba!"

Maji tu.

"Wifi, tumtue?" wifi aliuliza huku analia.

"Tumtue wapi, majini?"

Sikuweza hata kumtazama. Ubao ulikuwa umenibana sikio. Aliye mbele kulia ndiye anayeita, hilo nililijua. Lakini kuita kwangu kungekuwa kukiri kwamba mwenye kuita hayupo tena, na nilihisi nikilitamka tu, ndivyo itakavyokuwa. Nyuma yangu kitanda kilianza kutetemeka kwa goti la Mwalimu.

"Bega!"

Sikuitambua sauti yangu. Tuligeuka sote wanne, hakuna aliyechelewa. Niliita tena ng'ambo, nikaita kwenye kilima, nikawa naita hata pasipo haja, kwa sababu nilipokuwa naita sikuwa nasikia ule ukimya wa juu ya kitanda.

Barabarani dereva alikuwa ameshawasha gari. Tulimtua Baba, nikamwekea kiganja puani. Pumzi ya moto, ndogo, lakini ipo. Nilikaa kitako pale pale vumbini nikalia kwa sauti, na wala sikuona haya.

Simu ikalia. "Panda naye," kaka alisema. "Si ulikuwa unakuja? Mkoba utaletwa."

"Nenda," wifi alisema, akimwinua Baba miguu kumwingiza garini. "Na ukimwona kaka yako, mwambie kitanda chake ni kizuri sana."

Mwalimu alikuwa akilikanda goti lake. Hakunitazama. "Mkoba wako, niupakie kwenye basi la kesho," aliuliza, "au niuache pale pale mlangoni?"

Dereva alipiga honi. Nikapanda.

Gari lilipoanza kwenda, Baba alifumbua macho kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Midomo ilimkauka, nikamlowesha kwa ncha ya khanga.

"Nilikusikia," alisema. "Uliita umechelewa."

"Nisamehe, Baba."

"Hapo pako," akapumzika kidogo, "ameshika nani?"

Niligeuka kutazama kupitia kioo cha nyuma. Walikuwa wameanza kuteremka na kitanda kitupu, watatu, na pembe ya mbele kulia ilikuwa inaning'inia, ikigonga majani ya njiani. Nilipomrudia, alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu.