Zimwi la Mlangoni

Zimwi halina ufundi mkubwa. Duara ni kichwa, mstatili ni kiwiliwili, pembetatu unazipanga mdomoni zinakuwa meno. Kazi iko machoni: maduara mawili meupe, moja lizidi jingine kidogo kwa ukubwa, na mtoto atajifunika shuka. Nimekata majoka na mazimwi ya karatasi kwa vitabu vya watoto mpaka mkasi umeniotesha sugu kidoleni, yote kwenye meza ya kulia chakula, kwa sababu baba haachiki peke yake.

Baba alikuwa seremala. Siku hizi akili zake huja na kuondoka, na zikiondoka, naye huondoka. Nikigeuka kuchukua gundi, yuko barabarani na kandambili moja, anakwenda kwenye karakana iliyovunjwa zamani. Nilipofunga mlango kwa ufunguo aling'oa bawaba kwa kijiko.

Ndipo nikatengeneza zimwi refu la kutangaza kitabu dukani, nikaliegemeza mlangoni gundi ikauke. Baba akaja na kofia kichwani, tayari kwa safari. Akaliona, akarudi nyuma polepole, akaketi. Siku ile hakutoka, wala iliyofuata. Nikalibandika palepale mlangoni, na wa dukani nikawakatia jingine. Kaka yangu, ambaye hututembelea kwa simu tu, alicheka akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikamwambia basi aje aliwe yeye kidogo, mimi nipumzike. Akasema mtandao unasumbua.

Wiki hii mhariri wa vitabu hivyo alinipigia: wanataka mchoraji wa kukaa ofisini, niende kesho yake asubuhi na kazi zangu nikaonane na mkurugenzi. Ofisi yenye madirisha, na watu wa kusemezana nao! Nilikaribia kulia. Nilikuwa nimechoka, na siku nyingine nilimchukia baba, kisha nikajichukia mwenyewe. Sasa nilikuwa na mlinzi wa karatasi, asiyelala wala kuomba mshahara. Ningetoka, na baba angebaki ndani salama.

Asubuhi nikavaa viatu vya heshima, nikabeba mkoba na bahasha ya michoro. Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameuelekea mlango kama kawaida. Nilipoukaribia, akainuka akanikamata mkono. Akili zimempungua, nguvu bado.

"Usipite hapo, mwanangu."

"Baba, hiyo ni karatasi. Nimeikata mwenyewe."

"Ndivyo linavyokudanganya."

Nikamuuliza kwani analiogopa kiasi hicho. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto mdogo.

"Liniogopeshe nini mimi, mzee mifupa mitupu? Ningeshatoka zamani. Lakini nikitoka, utabaki nalo peke yako."

Wakati wote nilidhani nimemfungia, kumbe alikuwa zamu, ananilinda na kitu nilichokibandika kwa mikono yangu. Nikilibandua, kabla sijafika kituoni atakuwa barabarani. Nikipita kwa nguvu, ataanguka, na akiinuka atanifuata kuniokoa. Nilipiga hesabu kila upande, kila upande ulikuwa ukuta.

Simu ikaita mkobani. Nilijua ni mhariri. Baba hakuniachia mkono. Alikivuta kiti chake kwa mguu, akanikalisha, kisha akasimama mbele yangu, uso kwa uso na zimwi.

"Wewe pumzika," akasema. "Mimi nipo."

Nikainama, nikavua viatu.