Sahani Imerudi Tupu

Mimi nimelala katika miji mingi kuliko madarasa niliyokaa. Shule nimeisoma vipandevipande: kidogo Tanga, kidogo Lubumbashi, iliyobaki nikaiokota njiani. Kwa hiyo mtu asiponisalimu hanitishi. Zubeda, mtoto wa dada yangu, ni mtu wa namna nyingine. Tangu atoke kwetu Tanga hajahama mtaa huu wa La Rochelle, hapa kusini mwa Johannesburg, na anadhani dunia nzima ina majirani kama wake.

Binti yake wa pekee, Samira, amekwenda Ufaransa, mji wa Rennes, kusomea mambo ya maji. Anakaa bweni. Tangu aende, kila jioni Zubeda huegemeza simu kwenye jagi la maji, mtoto akatutazama tunakula, nasi tukamtazama anakula. Nilisema mapema kwamba huku si kumsaidia. Nikaambiwa nile, ninyamaze.

Jumapili hiyo Samira hakuwa na chakula mbele yake, na macho yalikuwa mekundu.

"Jana nilipika pilau," akasema, "nikampelekea Chloé, wa chumba cha pili. Leo karudisha sahani."

"Ina nini?" mama yake akauliza.

"Haina kitu. Kaiosha tu, akasema mersi, akaenda zake."

Zubeda akarudisha tonge kwenye sinia. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Tukimpelekea sambusa Denise, Mkongo wa mlango wa pili, sahani itarudi na sombe, yale majani ya muhogo, au ndizi, na akikosa kabisa ataweka hata vitunguu viwili. Ukiirudisha tupu umesema ujirani uishe. Samira kazaliwa hapa, Kiswahili chake kimejaa eish za watu wa hapa, lakini hilo analijua kama jina lake.

"Huyo kakufukuza," Zubeda akasema. "Rudi, mwanangu. Vyuo hapa vipo tele."

"Kesho asubuhi ofisi ya bweni inataka jibu kama naendelea na chumba. Nikisema chumba sikitaki, muhula ukiisha nafunga mizigo." Akajifuta pua. "Mama, nimechoka kula na simu."

"Sema hukitaki."

Denise alikuwa amesimama mlangoni, katoka saluni, chanuo bado limechomekwa kichwani. Akacheka. "Mama Samira, bazungu habajui ile! Kwao kuosha sahani ndiyo heshima."

"Hawajui vipi? Kwani hawana majirani?"

Nikasogeza uso wangu kwenye simu. "Samira, mama yako kasema kweli. Rudi."

Zubeda mwenyewe akanishangaa.

"Rudi, mama. Utawaambia watu wa hapa mtaani na wa Rosettenville jirani: mitihani niliiweza, baridi niliiweza, sahani ndiyo iliyonipiga mwereka."

"Babu, usinianze."

"Sikuanzi. Nakuandalia mapokezi."

"Nani kashindwa?" Sauti ikapanda. "Mwalimu akiongea mbio namsimamisha mbele ya darasa zima, namwambia rudia. Naswali kwenye kona ya maktaba, anayetaka kutazama atazame. Leo nishindwe na sahani?"

"Si ndivyo unavyotaka kufanya?"

Akainuka na simu mkononi. Tukaona dari, tukaona ukuta wa korido ukipita.

"Samira!" Zubeda akapiga kelele. "Haombwi mtu kitu namna hiyo! Utatutia aibu!"

Mlango ukagongwa. Tukaanza kusikia Kifaransa, na tunachoona ni sakafu na miguu ya mtu mwenye soksi. Denise akaja mbio, akachuchumaa karibu na simu.

"Anamwambia: nilikupa chakula, umenipa sahani tupu. Kwetu hiyo ni tusi. Najua hukujua. Sasa umejua."

"Yarabi!" Zubeda akajifunika uso kwa mtandio.

"Na mwenzake je?" nikauliza.

"Anaomba pardon. Anasema hana kitu, ana viazi vya kuchemsha na jibini."

"Samira anasemaje?"

Denise akapiga goti lake kwa kiganja. "Anasema: weka!"

Huko Ufaransa watu wawili wakaangua kicheko. Uso wa Samira ukarudi kwenye simu.

"Mama, Chloé anakuja kula kwangu. Na kesho nawaambia chumba nabaki nacho."

"Hiyo jibini unajua imetiwa nini?"

"Nitauliza. Nina mdomo."

"Haya, kesho tukupigie saa ya kula, kama kawaida."

"Hapana, Mama. Nikishamaliza kula nitawapigia mimi."

Akakata.

Zubeda akabaki anatazama kioo cheusi. Kisha akanigeukia. "Mjomba, umenifukuzia mtoto."

"Mtoto yuko chuoni alikopelekwa."

"Na huyo Chloé akimchoka?"

"Kuna chumba cha tatu," nikasema, nikalivuta sinia upande wangu.