Ubishi wa Kuvumwani

Kila Jumamosi, mwaka nenda mwaka rudi, Torvald alivuka daraja kutoka bara hadi kisiwani Öland, akakata kona kwenye kanisa na kuingia jikoni kwa Ingegerd bila hodi. Mkononi hakukosa pakiti ya karatasi iliyokunjwa, na ndani yake kuvumwani, ile mimea laini inayofunika mawe na kuta, ambayo watu wenye shughuli zao huikanyaga bila kuitazama. Torvald alikuwa mpima ardhi mstaafu, Ingegerd mfamasia mstaafu. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao, na wote wawili walikuwa wabishi wa kutupwa.

Ubishi wao ulikuwa mmoja tu. Kuvumwani ya rangi ya dhahabu iliyoota kwenye ukuta wa kanisa, na ile iliyotambaa kwenye mawe ya chokaa kule uwandani, ni aina moja au mbili? Ukiziweka pamoja mezani, huwezi kusema ipi ni ipi. Torvald alishikilia moja, Ingegerd mbili.

"Ya ukutani ikikauka inajikunja," Ingegerd angesema.

"Hata wewe ukikauka utajikunja, na bado utakuwa Ingegerd."

"Thubutu! Kula kroppkakor zako unyamaze."

Naye angekula yale madonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe katikati, hashibi, huku akibisha na mdomo umejaa. Jua likizama ndipo angeondoka, amefurahi kweli kweli.

Sasa mpwa wake Torvald, Disa, alifanya kazi maabarani, na majira yale ya baridi alijitolea kupima vinasaba vya pakiti tatu, moja ya uwandani na mbili za ukutani, ili wazee wapumzike. Torvald alichekelea. Ingegerd naye alisema vizuri sana, lakini usiku ule hakulala. Hakuogopa kushindwa, hata kidogo. Aliogopa ubishi kwisha. Mtu hasafiri mwendo wote ule kila wiki kuja kubisha jambo lililokwisha amuliwa, na jikoni mwake hapakuwa na mgeni mwingine.

Majibu yalifika Machi, Jumamosi, Torvald akiwa amekaa pale pale mezani. Alisoma kwenye simu, akasoma tena, uso ukamshuka.

"Mbili," alisema. "Vinasaba vyao viko mbalimbali kabisa. Ni ndugu, lakini si mtu mmoja." Kisha akaruka. "Ngoja! Ngoja kwanza! Pakiti ya tatu ina vinasaba vya aina zote mbili, na ni shina moja. Ala! Disa kachanganya. Ni lazima apime upya zote."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka vuli, labda zaidi," alisema Torvald, naye hakuonekana kusikitika.

Ingegerd alichukua kilichobaki cha pakiti ya tatu, akakiweka chini ya hadubini. Alijua anatafuta nini. Katika kuvumwani hizi, mmea tunaouona ni mke. Mume ni kimea kidogo mno, kinaota juu ya jani la mkewe na kukaa hapo maisha yake yote. Akakiona, kimejibanza kwenye jani, kimetulia.

Disa hakuchanganya kitu. Mke alikuwa wa ukutani, mume aliletwa na upepo kutoka uwandani, akaangukia jani lisilo la kabila lake, akahamia.

Ingegerd angenyamaza tu, angepata Jumamosi zote mpaka vuli. Nani angejua? Lakini alikuwa ameona, na hakuwahi hata mara moja kumdanganya Torvald kuhusu kuvumwani.

"Njoo uangalie," alisema.

Torvald aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo kitambo.

"Lo! Kajamaa kenyewe hako."

"Ndiko hako."

"Basi Disa yuko sawa." Alijinyoosha taratibu. "Na wewe uko sawa. Umeshinda, bibi."

Ingegerd alikuwa ameingoja kauli hiyo miaka na miaka, na sasa haikuwa na ladha yoyote. Torvald aliosha kikombe chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amjue. Akavaa koti. Akatafuta kofia, akaipata upesi mno.

"Haya," alisema mlangoni. "Asante kwa chakula. Chakula chote."

Ingegerd alipiga moyo konde.

"Jumamosi njoo."

"Nije na nini? Hakuna cha kupima tena."

"Njoo mikono mitupu. Nani alikwambia nilikuwa napikia kuvumwani?"

Torvald alisimama na kofia mkononi, mzee mzima, masikio yamemwiva.

"Sitakuwa na la kubisha," alisema.

"Utakaa tu. Nitafurahi ukikaa."

Alifikiri. Akavaa kofia, akaivua.

"Saa ile ile?"

"Saa ile ile."

Akafungua mlango, upepo ukaingia, akaufunga tena akiwa bado ndani.

"Na Jumapili je?"