Pini Sita

Shangazi yangu ni fundi wa nguo na adui wa waigizaji wote. Televisheni ya dukani anaiwasha kabla hata hajaifunua cherehani, halafu anashinda akiigombeza. Akitokea daktari, anasema huyo hata jipu hajawahi kukamua. Akitokea fundi ndiyo balaa zaidi: mkasi kaushika kama anakata keki. Kazi zangu mimi ni vifungo, pasi na kumchokoza, ndiyo maana ananiita Redio.

Jumanne ile alikuwa na gauni la muuguzi mkuu, mama ambaye kesho yake asubuhi angeagwa kazini baada ya miaka thelathini na minne. Sharti lake lilikuwa moja tu, mikono mirefu. Siku ya vipimo alitueleza kwamba sare ya wodini ni mikono mifupi, kwa ajili ya kunawa, na yeye anataka walau siku moja aonekane kama mtu asiye na haja ya kunawa. Gauni angelifuata saa kumi.

Saa tano ikaanza tamthilia mpya. Mama wa makamo, fundi, anampima mteja, pini zimejaa mdomoni. Shangazi naye alikuwa na pini mdomoni, anakata mikono ya gauni. Nikasubiri matusi, hayakuja. Akanung'unika kwamba huyu futi kaishika vizuri. Niliacha pasi, maana tangu nimjue sijawahi kumsikia akimsifu mtu ambaye hajafa.

Kwenye tamthilia akaingia jirani, akavua kofia, akamwambia yule mama kwamba kijana wake amefia njiani.

Sasa hapo, waigizaji tuliowazoea wangejitupa sakafuni na muziki ungepanda mpaka juu. Huyu hakuweza hata kujibu, mdomo una pini. Akatoa ya kwanza, akaichoma kwenye kimto alichofunga mkononi. Akatoa ya pili. Muziki hakuna. Ya tatu ilimkatalia, akaitafuta kwa ulimi. Uso haukukunjamana popote, ila shingo ilikuwa inameza, inameza. Zilikuwa sita. Alipoichoma ya sita alimwangalia mteja wake, akamwambia kwa sauti ya siku zote, "Usisogee mama, nitakuchoma."

Nililia, mimi ninayechekaga misibani. Nilipogeuka kumtafuta shangazi, pini zake zote zilikuwa zimetoka mdomoni, zimejipanga kwenye kimto chake. Hata hakukumbuka kwamba amezitoa. Alijifuta macho kwa kiwiko akaendelea kukata, ila akili ilikuwa bado kwa yule mama.

Ukishakata mkono wa kwanza wa gauni, unageuza kiolezo, ile karatasi ya kukatia, ndipo unakata wa pili. Kila fundi anajua hilo hata usingizini. Shangazi hakugeuza. Tuligundua saa tisa na nusu: mkono wa kwanza umekaa, wa pili umejikunja kwapani kama umechukia. Mikono miwili, yote ya kushoto. Kitambaa kilichobaki kilikuwa kipande kinachoishia kwenye kiwiko. Na shangazi miaka ishirini hajawahi kurudishiwa nguo.

Akajificha nyuma ya pazia, akaniagiza niseme umeme ulikatika mchana kutwa.

Muuguzi alifika saa kumi kamili. Nikashika kifua, nikashusha pumzi, nikamsimulia giza lote la siku ile, na nadhani hata chozi nililikaribia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitazama juu ya bega langu.

"Na hiyo televisheni," akauliza, "inatumia mkaa?"

Shangazi akatoka nyuma ya pazia na ile mikono miwili, akailaza mezani, akasema ukweli wote. Muuguzi hakucheka, hakufoka. Aliuliza ni uigizaji gani huo wa kumpoteza fundi kama yeye. Shangazi akasema kwa maneno hauelezeki. Akachukua pini sita, akazitia mdomoni, akaniamuru niwe jirani. Nikavua kofia nisiyokuwa nayo, nikatoa taarifa. Akazitoa, moja moja.

Muuguzi alizihesabu pini kwenye kimto.

"Miaka yote hiyo, huyo jirani ni mimi," akasema. "Na ndivyo wafiwa walivyo kweli. Wanamalizia kwanza kilicho mkononi. Baba mmoja nilimkuta anamenya chungwa. Alilimenya lote likaisha, ndipo akaniuliza. Kwenye televisheni sijawahi kuona mtu anayejua hilo."

Akauliza kipindi hicho kinarudiwa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja. Akavuta kiti, akaniambia nisije nikaiacha kazi ya vifungo nikaenda kuigiza, akamgeukia shangazi.

"Fundi, mimi naangalia, wewe geukia ukutani ushone."

Shangazi akageuka. Nusu ya juu ya mkono wa kulia aliikata kwenye kile kipande, nusu ya chini akaichukua kwenye mkono uliokosewa. Kisha ule mzima nao akaukata kiwikoni akauunga upya, mishono ifanane ionekane ni mtindo. Cherehani ilikuwa inakimbia. Ilipofika pale kwa jirani, chumba chote kikanyamaza, na cherehani nayo.

"Yuko ya ngapi?" shangazi akauliza, uso ukutani.

"Ya tatu," muuguzi akajibu. "Imemkatalia."

Baada ya ya sita, cherehani ikaanza tena.

Saa kumi na mbili muuguzi alisimama mbele ya kioo, mikono imefika hadi kwenye vifundo, mshono wa kiwiko kama ulikusudiwa. Shangazi alikuwa amepiga magoti akipima pindo. Muuguzi akamuuliza imekaaje. Mdomo ulikuwa na pini. Akaanza kuzitoa, ya kwanza, ya pili, na hakuna aliyemharakisha.

"Imekaa," akasema.