Aliyepewa Nafasi ya Ukutani

Karani wa mapokezi aliuliza maswali yake bila kuinua uso, na Fundi akayajibu kwa sauti, kama mtu aliyelelewa kuamini kwamba msema kweli hatupwi.

"Umewahi kufungwa?"

"Hapana, afande. Ndiyo mara ya kwanza."

"Una ugonjwa wowote?"

"Macho tu. Sioni mbali."

"Nani atakuja kukuona?"

"Sidhani kama yupo, afande."

Nyuma yake mfungwa mmoja alikuwa akifagia ukumbi. Fundi aliusikia ufagio ukinyamaza, lakini hakutia maanani. Akili yake yote ilikuwa kwa karani, ambaye alinyoosha mkono na kumvua miwani usoni. "Kioo na waya haviingii ndani," alisema, akaitia kwenye bahasha. Hapo hapo dunia ikayeyuka. Karani akawa doa la kijani, mlango ukawa kivuli, na mtu mwenye ufagio akatoweka kabisa.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa amesugua vioo na kunyoosha fremu katika kiduka chake kando ya hospitali, akiwarudishia watu macho yao. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na wateja walimtania kwamba hata akikohoa huomba radhi. Siku shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoingia dukani na matusi, Fundi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akamsukuma. Msukumo mmoja tu. Shemeji akaangukia kabati la vioo, mkono ukachanika hadi mfupani. Sasa shemeji alikuwa kitandani, mke wa Fundi ameketi ubavuni mwake, na wakwe wote wameapa kwamba atakayekwenda gerezani kumwona mkwe wao asirudi nyumbani kwao. Upande wake alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeishi mbali. Namba ya simu ya dada huyo ilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa polisi, kesi yake ikingoja kusikilizwa.

Chumba namba nne kilijengwa kwa ajili ya watu ishirini. Fundi alikuwa wa sitini na mbili. Mlango ulipofungwa nyuma yake alisimama hapo hapo, jasho na harufu ya ndoo ya haja vikimpiga usoni, mbele yake ukungu wa vichwa na magoti. Hakujua aweke mguu wapi.

"Karibu, mpwa wangu," sauti moja ilisema, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Mbona unasimama mlangoni kama uliyeleta habari ya msiba? Mpisheni, jamani."

Watu walipisha haraka kuliko alivyotarajia. Mkono wenye joto ulimshika kiwiko, ukamwongoza mpaka mwisho wa chumba, ukamketisha penye ukuta chini ya dirisha. Mwenye mkono alijiita Mjomba. Alikuwa nyapara wa chumba: ndiye aliyepanga nani alale wapi, nani akafanye kazi stoo na nani abebe ndoo. Alimpa Fundi blanketi zima lisilo na tundu, na kipande cha sabuni.

"Wengine hapa hulala ubavu mmoja mpaka asubuhi, wakigeuka kwa amri," Mjomba alisema. "Wewe lala chali. Nani wako anakuja kukuona?"

"Hakuna, Mjomba."

"Basi sisi ndio ndugu zako."

Fundi alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Alichokiona baadaye kuwa cha ajabu ni kwamba chumba chote kilikuwa kimya wakati akishukuru. Watu sitini, na hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa bombani akifua shati. Kivuli kikubwa kilikuja kusimama karibu naye na kuanza kufua pia. Fundi alimjua kwa upana wake. Wenzake walimwita Kuli, kwa kuwa huko nje alikuwa akibeba magunia ghalani, mawili kwa mpigo. Ndani ya chumba hakuwa akizungumza na mtu.

"Usinitazame," Kuli alisema. "Endelea kufua. Hilo blanketi, uliliomba?"

"Hapana. Nilipewa."

"Na nafasi ya ukutani?"

"Nilipewa."

"Fundi, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba hampi mgeni jembe. Siku ya tatu humwita stoo."

Fundi aliacha kufua. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake. "Kufanya nini?"

Kuli alikamua shati lake mpaka likalia. "Wewe ni mtu mzima. Unajua."

Fundi alishika ukingo wa karo. "Kwa nini mimi?"

"Siku unaingia, yule anayefagia mapokezi alikusikia. Ni mtu wa Mjomba. Mgeni, hajawahi kufungwa, haoni vizuri, hana wa kumjia. Mtu asiye na wa kumjia hana wa kumwambia. Anakuweka mbali na mlango, mahali ambapo afande akichungulia haoni. Anakulisha, ili siku ukilalamika watu waseme mbona ulikula. Ndivyo anavyofanya."

"Mimi ni mwembamba," Fundi alinong'ona, kana kwamba anajitetea. "Ningekuwa kama wewe..."

Kuli alikwisha kuokota shati lake. "Usijidanganye na mwili wangu," alisema, akaondoka.

Fundi hakula mchana ule. Alikwenda moja kwa moja kwa askari wa zamu, akasimama mita moja kutoka kwenye doa la kijani, akaeleza kwa sauti iliyokatikakatika kwamba anaomba kuhamishwa chumba. Askari aliuliza sababu. Fundi alitafuta neno, na kila neno alilolipata lilikuwa la aibu kuliko lingine. Mwishowe alisema, "Naogopa nitaharibiwa, afande."

Askari aliangua kicheko. "Mwanaume mzima na ndevu zako! Una mikono, si una mikono? Nenda zako."

Kicheko kile kilifika chumbani kabla ya Fundi. Alipoketi mahali pake, Mjomba alikuja kuchuchumaa mbele yake, karibu mno, mpaka Fundi akaweza kuona vizuri kwa mara ya kwanza: uso wa kawaida, wa mtu ambaye ungempa mzigo wako akushikie.

"Nasikia umenitaja kwa afande."

"Sikumtaja mtu, Mjomba."

"Vizuri. Jumapili watu watakwenda ibadani. Wewe utabaki unisaidie kukunja mablanketi stoo. Nimeshamwambia afande, ameandika jina lako." Akampigapiga begani. "Usiwe na wasiwasi, mpwa. Hapa kila mtu huzoea."

Ilikuwa Alhamisi. Tangu hapo Fundi aliishi kama panya aliyesikia paka darini. Alirudisha blanketi, na blanketi likarudishwa mahali pake likiwa limekunjwa vizuri. Alihama akaenda kukaa karibu na mlango, na waliokuwa wakilala hapo wakamwambia kwa upole, bila kumtazama, kwamba hapana nafasi. Kila mkono uliomgusa kwa bahati mbaya ulimfanya aruke. Kwa vile hakuona nyuso, sauti zote zilianza kufanana na ile moja. Aliwaza kujigonga kichwa ukutani ili alazwe hospitalini. Aliwaza na mambo mengine ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi muuguzi wa zahanati ya gereza alikuja, kama ilivyokuwa kila wiki, akaweka meza yake uani. Alikuwa mama wa makamo, mkali, ambaye wafungwa walimwita Sista na kumtania kwamba dawa yake ya kila ugonjwa ni vidonge viwili vyeupe na kufukuzwa. Fundi alijipanga kwenye foleni bila kujua atasema anaumwa nini. Manyapara wote walisimama kando kutunza foleni, na Mjomba alikuwa miongoni mwao. Fundi hakumwona, ila alimsikia akitania watu.

"Unaumwa wapi?" Sista aliuliza.

Sista alimshika kifundo cha mkono, akayapima mapigo ya moyo, akakunja uso.

"Umekimbia?"

"Hapana, Sista."

"Moyo huu unakwenda kama umefukuzwa na mbwa. Unaogopa nini?"

"Kesho," alisema Fundi.

Sista aliinua macho. Alitazama foleni, akatazama wanaume waliosimama kando, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Nyie manyapara, nani amewaita hapa? Nendeni kule kwenye mti wa bendera. Wewe afande wasogeze, nina mgonjwa wa kuambukiza." Waliondoka wakinung'unika. Akamgeukia Fundi. "Haya. Sema upesi."

Fundi alisema: blanketi, ukuta, stoo, Jumapili. Sista aliandika, kisha kalamu ikasimama.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nikipeleka hii kwa mkuu wa gereza ataniuliza: amefanyiwa nini? Nitasema bado. Ataniambia nirudi akishafanyiwa. Nimeshaambiwa hivyo mara moja. Kuna mtu mwingine?"

Fundi alitikisa kichwa. Alijua yupo, na alijua kwamba si haki yake kumtaja. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza, kimya kile kile cha siku ya kwanza.

"Andika langu."

Kuli alikuwa ametoka kwenye foleni. Kivuli chake kiliifunika meza yote. Sauti ilikuwa ndogo, haikulingana na kifua kilichoitoa.

"Mwaka jana, mwezi wa pili. Wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa na homa, siwezi kusimama, na mke wangu alikuwa hajajua niko wapi. Nilipewa nafasi ya ukutani. Stoo walikuwa watatu, Mjomba akashika mlango, kisha na yeye... Andika, Sista. Waliniingilia kwa nguvu. Kisha waliniambia, mtu mkubwa kama wewe, ukisema nani atakuamini? Nikaona wana haki. Mimi mwenyewe nisingeamini."

Sista hakusema pole. Aliandika neno kwa neno, akamwomba aseme tena tarehe, akaandika na hiyo. Kutoka kwenye foleni mtu wa tatu, kijana aliyekuwa akiuza maji huko nje, ambaye Fundi hakuwahi kusikia sauti yake, alisema taratibu, "Na mimi, Sista." Halafu akaanza kutapika.

Karatasi tatu si karatasi moja. Sista hakuziacha kwa karani. Alizibeba mwenyewe mpaka ofisini kwa mkuu wa gereza, akakaa kwenye benchi mpaka mkuu alipofika, akatamka kwamba nakala zimekwenda kwa hakimu anayekagua magereza. Zilikuwa bado hazijakwenda. Alizipeleka mchana ule ule, kwa miguu.

Jioni, kabla ya kufungiwa, Fundi, Kuli na muuza maji walihamishiwa chumba kidogo cha wazee na wagonjwa. Mjomba alitolewa chumba namba nne akiwa amefungwa pingu, na alipopita karibu nao alisema kwa sauti ile ile laini, "Wapwa zangu, gereza ni dogo." Fundi alijikojolea kidogo, na hakuona aibu kulisema hilo baadaye. Jumapili ilipita. Alikaa amejikunja kati ya mzee wa pumu na Kuli, akihesabu hatua za kila aliyepita ukumbini.

Hofu haikuondoka kwa sababu tu mtu amehamishwa. Kwa wiki tano zilizofuata hakwenda bombani peke yake. Sista alikwenda polisi kuchukua namba ya dada yake kwenye ile simu, akampigia, na dada akaja na kanga yake imelowa jasho la safari, akagombana na askari mlangoni kama simba jike. Wiki ya sita shemeji, mkono ukiwa umepona, alifuta mashtaka. Fundi akatoka. Mkewe alimpokea, na siku ya tatu Fundi akamwambia yote. Mkewe alilia, akasema, "Na mimi ndiye niliyekataa kuja." Ilikuwa kweli.

Kesi ya Mjomba ilisikilizwa mwaka uliofuata. Fundi aliitwa kuwa shahidi. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakufumba jicho, na alipopanda kizimbani aliyumba mpaka hakimu akaagiza aletewe kiti. Alieleza kile alichojua. Akili yake nzima ilikuwa kwenye bega la Mjomba, hatua sita kutoka kwake.

Kuli alifuata. Mkewe alikuwa ameketi safu ya pili. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mumewe atatoa ushahidi kuhusu fujo za gerezani. Kuli hakuwa ameweza kumwambia zaidi. Sasa alisikia yote pamoja na wageni, karani akigonga taipu, wakili wa Mjomba akiuliza kwa dhihaka mwanaume wa kilo mia anashikwaje.

"Alikuwa na homa," Kuli alijibu. "Namaanisha mimi. Nilikuwa na homa. Na nilikuwa peke yangu."

Katikati ya jibu hilo mkewe alisimama, akatoka nje. Mlango ulijifunga taratibu nyuma yake. Kuli aliuona ukifungwa. Mikono yake mikubwa ilishikilia ukingo wa kizimba, na Fundi akahisi hofu yake yote ya zamani ikimrudia, safari hii kwa ajili ya mtu mwingine.

"Endelea, shahidi," hakimu alisema.

Kuli akaendelea. Alimaliza. Alipoteremka alikwenda kuketi mwisho kabisa wa benchi, mbali na kila mtu.

Mlango ukafunguka. Mkewe aliingia na chupa ya maji, uso umeoshwa, matone bado yako shingoni. Alipita mbele ya watu wote, akaketi karibu na mumewe, akafungua kifuniko na kumpa.

"Kunywa," alisema. "Umeongea sana leo."

Kuli akanywa.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Mjomba aliongezewa miaka kumi na minne, katika gereza jingine. Askari aliyecheka alihamishwa kituo, basi.