Matanga Yalishaanuliwa

Mkwe wangu Batuli ana ulimi, na mimi ndiye niliyemchagua, kwa hiyo silalamiki. Mwanangu Jafari alitaka mke mpole. Nikamwambia, mpole tayari ni wewe, nyumba yenye wapole wawili itaibiwa hata mlango.

Kaka yangu alipofariki hapa Kivinje, watani wa ukoo wetu walikuja kama ilivyo desturi. Mtani akiwa msibani ana ruhusa ya kila kituko: atalala njiani wapishi wasipite, ataigiza mwendo wa marehemu, atadai sahani ya tatu huku nyinyi mnalia. Humkasirikii, naye hakukasirikii. Safari hii aliyetia fora ni Abdurahmani, mtu mzima na ndevu zake, aliyejilaza mbele ya jiko akiapa hainuki mpaka apewe paja la mbuzi. Batuli akachota majivu akampaka uso mzima. Tulicheka mpaka wafiwa tukasahau tulichokuwa tunalilia.

Matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake. Kesho yake Batuli alikuwa anakaanga mihogo nje ya nyumba, Abdurahmani akaja akamzaba kofi. Batuli alicheka. Maskini mwanangu, alidhani ni utani bado. Ndipo ikaja ngumi, ikamng'oa meno mawili ya mbele.

Tulikwenda polisi, tukaenda hospitali, kesi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo. Hapo ndipo wazee wa pande zote mbili walipoamka. Mambo ya watani hayapelekwi mahakamani, walisema. Wakakutana sebuleni kwangu, wanaume watupu, wakanywa chai yangu yote. Abdurahmani akamwomba radhi Jafari, Jafari akapokea, wakapeana mikono, wakakubaliana kesi iondolewe. Yaani aliyeombwa radhi ni yule mwenye meno yake yote! Muda wote huo Batuli alikuwa uani anaosha vikombe vyao.

Walipoondoka alinifuata jikoni, khanga imeziba mdomo.

"Mama, eti nimesamehe?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Nimesamehe saa ngapi?"

Na sitaficha, niliogopa. Watani wakinuna, siku yangu ikifika nani atakuja kuwachekesha wanangu? Lakini nilimtazama yule mtoto wa watu, aliyekuja kwangu na tabasamu zima, nikaona haya. Asubuhi tukapanda gari kwenda mji wa Masoko kwa Lusia, msaidizi wa kisheria, binti mwenye sauti ndogo na maneno makubwa. Akatuambia kwamba mlalamikaji kwenye kesi ile ni Batuli, si mume wala ukoo. Hakuna wa kuiondoa kwa niaba yake. Ana haki ya kusikilizwa, na ana haki ya kuomba fidia ya madhara aliyoyapata.

"Hata kama wazee wameshamaliza?" Batuli aliuliza.

"Wamemaliza ya kwao," alijibu Lusia.

Siku ya kesi wazee walijaa mbele, kofia zimenyooka. Sisi wanawake tulikaa benchi la nyuma yao, Jafari akiwa mbele yangu tu. Jafari akasimama, jasho linamtoka.

"Mheshimiwa, sisi na mshitakiwa ni watani. Ulikuwa utani tu, ukazidi kidogo. Tunaomba kesi iondolewe. Mke wangu amesamehe."

Hakimu, mama mmoja wa makamo, alivua miwani. "Wewe ulipigwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kaa. Aliyepigwa yuko wapi?"

Batuli akasimama. Nilimsikia anapumua. Jafari akageuka, akaninong'oneza, "Mama, mwambie akae. Tutaaibika."

"Mwambie wewe," nikamjibu, "kama una meno ya ziada."

Batuli aliishusha khanga mdomoni. Tangu apigwe hakuwahi kuishusha mbele ya watu, hata mbele ya mumewe. Akaongea polepole, herufi zingine zikipita pale penye pengo kwa tabu.

"Mheshimiwa, utani naujua, nami nilimtania kwa majivu wakati wa msiba. Yeye alinipiga matanga yalishaanuliwa. Na alikuwa amekasirika. Mtani hakasiriki. Wazee hawa wote wanalijua hilo kuliko mimi."

Wazee walitazama sakafu. Mmoja wa upande wao kabisa, babu yake Abdurahmani, akatikisa kichwa taratibu akakubali.

"Unataka nini?" hakimu akauliza.

"Nataka kesi isikilizwe, na anigharimie meno yangu."

"Mumeo anasema umesamehe."

Batuli alimtazama Jafari. Hakumtazama kwa hasira, alimtazama kwa mapenzi yale yale ya kila siku, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

"Mume wangu ni mtu mwema, mheshimiwa, kasamehe kwa niaba yangu kwa ukunjufu wa roho yake. Mimi bado. Siku nikisamehe nitakuja kukwambia mwenyewe."

Hakimu akaandika. Kisha akasema kesi itaendelea, na Jafari akasogea kwenye benchi, akampisha mkewe nafasi ya kukaa mbele.